Malalamiko: paneli ya king'ora cha moto iliyofungwa betri ndogo na vipuri pungufu

Ofisi ya Msimamizi wa Majengo,
Hosteli ya Wanafunzi, Cheyo,
Tabora.

14 Novemba 2024

Meneja wa Ufundi,

Ndugu Meneja,

YAH: BETRI ZISIZOTOSHA NA VIPURI VILIVYOKOSEKANA KWENYE PANELI YA KING'ORA CHA MOTO

Somo la hapo juu lahusika. Mafundi wenu walikuja kubadilisha betri na kurudishia vipuri vilivyokosekana kwenye paneli yetu (sanduku linaloongoza king'ora) ya kanda nane, yaani sehemu nane za jengo. Waliondoka wakituachia fomu iliyosainiwa kwamba mfumo uko sawa, na ni kweli taa ya kijani inawaka na taa zote za njano zimezimika. Tumeifungua paneli na kupima laini moja baada ya nyingine. Taa hizo za njano, ambazo ndizo za hitilafu, zimezimika si kwa sababu hitilafu zimerekebishwa. Zimezibwa mdomo tu. Jengo hili lina ghorofa mbili na wanafunzi wanalala humo, kwa hiyo jambo hili hatuwezi kuliacha lipite.

Tunaanza na betri, maana ndiko kwenye hatari kubwa. Mkataba wetu unataja kanuni ya BS 5839-1, ya Uingereza kuhusu ving'ora vya moto: umeme ukikatika, betri ziubebe mfumo kwa saa 24, na baada ya hapo ziwe bado na nguvu ya kuliza ving'ora vyote kwa dakika 30. Mmefunga betri mbili za volti 12, kila moja 7Ah (ampia-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba). Tuliwauliza mafundi wamefikaje kwenye 7Ah, wakajibu kwamba za zamani zilikuwa hizo hizo. Hiyo si hesabu. Betri za zamani ziliwekwa kabla ya kuongezwa paneli ndogo ya getini, kifaa cha kupiga simu na sumaku za kushikilia milango ya ngazi, na vyote hivyo vinakula betri ile ile.

Hesabu yenyewe haihitaji mhandisi. Ampia zinazotumika mfumo ukiwa umetulia huzidishwa kwa 24. Ampia za wakati ving'ora vinalia huzidishwa kwa 0.5, kisha kwa 1.75, kwa sababu betri ikivutwa kwa nguvu haitoi Ah zote zilizoandikwa ubavuni. Jumla ya hizo mbili huzidishwa kwa 1.25 ili betri ikishazeeka bado itoshe. Tulizima umeme mkuu, tukafunga mita mfululizo na waya wa betri, tukapata ampia 0.46 mfumo ukiwa umetulia. Tulipochomoa sumaku nne za milango zikashuka hadi 0.22. Ving'ora vyote 22 vikilia, na sumaku zikiwa zimeachia, mita ilisoma 0.95.

Kwa jinsi mlivyouacha mfumo, 24 mara 0.46 ni 11.04. Za king'ora, 0.95 mara 0.5 mara 1.75, ni 0.83. Jumla 11.87, mara 1.25, inakuja 14.84Ah. Ninyi mmeweka 7 (betri mbili zikifungwa mfululizo Ah hazijumlishwi), yaani chini ya nusu ya kinachotakiwa.

Tulilithibitisha hilo kwa vitendo, walinzi wakizunguka korido wakati wote wa jaribio. Umeme mkuu wa paneli ulizimwa saa 12 jioni, na kabla ya saa 12 asubuhi volti zilikuwa zimeshuka chini ya 21, paneli ikazimika. Ving'ora havikuwa vimelia hata mara moja usiku huo. Kwa maneno mengine, umeme ukikatika jioni hapa Tabora na usirudi hadi asubuhi, wanafunzi wanamalizia usiku wao bila king'ora chochote, na hakuna atakayejua.

Tunaomba msitujibu kwa kuleta betri za 17Ah au 24Ah na kuzibananisha humo ndani. Sanduku hili limetengenezwa kubeba betri mbili zisizozidi 12Ah, na chaja yake inatoa ampia 0.7 tu. Chaja inatakiwa iirudishe betri iliyokwisha hadi asilimia 80 ndani ya saa 24. Kwa betri ya 24Ah, chaja hiyo ingehitaji zaidi ya siku nzima hata bila kuhesabu kinachopotea njiani. Tatizo lenu ni sumaku za milango. Hazikupaswa kabisa kulishwa na betri ya paneli. Zinatakiwa zipate chanzo chake cha volti 24 kutoka umeme wa kawaida, kikatwe na relei ya paneli (swichi inayoendeshwa na paneli yenyewe) king'ora kinapolia. Umeme ukikatika, sumaku ziachie na milango ijifunge yenyewe, moshi usipande ngazi. Mlivyofunga ninyi, milango inabaki wazi usiku kucha na betri inaisha kwa kazi hiyo.

Sumaku zikiondoka hesabu inabadilika: 24 mara 0.22 ni 5.28, ongeza 0.83, mara 1.25, unapata 7.64Ah. Hata hapo 7Ah haifiki. Betri ya 9Ah ingepita kwa karatasi, lakini haiachi nafasi ya kuongeza chochote, na joto la Tabora la Septemba na Oktoba huila betri mapema. Tunataka 12Ah mbili. Chaja ya ampia 0.7 inazimudu bila shida.

Betri zenyewe pia si jozi. Zina tarehe tofauti za kutengenezwa, na moja ni ya kiwanda kingine. Betri mbili zilizofungwa mfululizo lazima ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja, kwa sababu paneli inaangalia jumla tu. Jumla tuliyopima ilikuwa volti 27.2, namba nzuri kabisa kwa macho. Tulipopima moja moja, ya kushoto ilikuwa na 12.4 na ya kulia 14.8. Ya kushoto haijai, ya kulia inachajiwa kupita kiasi, na ubavu wake umeanza kuvimba kiasi cha kugusa mlango wa sanduku. Fundi aliyepima jumla peke yake hakupima betri.

Sasa vipuri. Waya wa kuunganisha betri mbili, ambao kwa kawaida una fyuzi yake na vibati bapa kwenye ncha, haupo. Badala yake kuna kipande cha waya mgumu wa nyumba uliosokotwa kwenye meno ya betri na kuzungushiwa selotepu. Joto likipanda selotepu inaachia, na waya huo ukigusa bodi ya sanduku hakuna fyuzi ya kuokoa chochote. Zingatieni pia upana wa vibati: betri ndogo nyingi zina meno ya milimita 4.8, za 12Ah mara nyingi 6.3. Kibati cha 6.3 kikivalishwa jino la 4.8 kitacheza, na kibati kinachocheza huonekana kimeshika mpaka siku betri inapohitajika.

Kipima joto cha chaja nacho kimekosekana. Hiki ndicho kinachoiambia chaja ipunguze volti joto la ndani ya sanduku linapopanda, takriban volti 0.036 kwa kila nyuzi moja kwa betri mbili. Kwa nyuzi 20 chaja inatoa 27.3, kwa nyuzi 35, ambazo ndani ya sanduku letu ni jambo la kila mchana, inatakiwa ishuke hadi karibu 26.8. Fundi wenu alikuta paneli inalalamika kipima joto hakipo, akachomeka rezista (kikinza umeme) ya kilo-omu 10. Kwa kufanya hivyo ameiambia paneli kwamba hapa ni nyuzi 25 mwaka mzima. Betri zitakauka kabla ya muda wake, na kosa litaonekana la betri.

Lililotushtua kuliko yote ni rezista za mwisho wa laini. Kila laini ya detekta (vihisi vya moto) inatakiwa iwe na rezista ya kilo-omu 6.8, yenye mistari ya bluu, kijivu na nyekundu, kwenye detekta ya mwisho kabisa. Kazi yake ni kuifanya paneli ijue waya mzima uko salama hadi mwisho. Kanda ya 3 na ya 5 hazina rezista huko juu. Tulizikuta zimekazwa kwenye terminali ndani ya paneli. Tulichomoa detekta ya korido ya ghorofa ya pili na paneli haikusema neno. Panya akikata waya huo leo, taa itabaki ya kijani na korido nzima haina ulinzi.

Fyuzi moja ya ving'ora, ya kioo ya milimita 20, imebadilishwa kwa uzi wa shaba. Matundu mawili juu ya sanduku hayana vizibo, na mijusi imeshaanza kuingia. Ufunguo wa paneli na daftari la kumbukumbu havikurudishwa.

Tunataka yafuatayo yakamilike kabla ya tarehe 28 Novemba 2024, kwa gharama zenu. Sumaku zihamishiwe kwenye chanzo chake. Betri mbili za 12Ah zenye tarehe moja zifungwe, na tarehe ya kuzifunga iandikwe kwenye kila moja kwa kalamu isiyofutika. Waya wenye fyuzi, kipima joto cha kiwandani, fyuzi sahihi na vizibo virudishwe, na rezista zipelekwe kwenye detekta za mwisho. Baada ya hapo, mbele ya mtu wetu, fundi achomoe detekta moja kwenye kila kanda na paneli ionyeshe hitilafu kila mara. Betri zikishajaa, umeme uzimwe saa 24 na ving'ora viachwe vilie dakika 30, volti zikiandikwa mwanzoni na mwishoni kwa kila betri. Hesabu ya Ah iliyosainiwa ibandikwe ndani ya mlango wa paneli.

Malipo ya sehemu iliyobaki tumeyazuia hadi jaribio hilo lipite. Hadi wakati huo walinzi wanazunguka korido kila saa, usiku kucha, na gharama yao tutaijumuisha kwenye madai yetu kwenu.

Wenu,
Msimamizi wa Majengo
kwa niaba ya Kamati ya Usalama wa Hosteli

Nakala: Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Mkoa wa Tabora
Viambatanisho: picha za ndani ya paneli, vipimo vya volti, nakala ya fomu iliyosainiwa