Kwa vijana wa kundi lililovunjika: kanda ziko wapi?

Wanangu,

Wiki nzima nimekaa na uchungu. Mlikuwa wanne, mkipiga muziki wa viwanda, ule wa kelele za mitambo, kwa mabati, msumeno na kompyuta katika chumba kisicho na dirisha, na mmetawanyika kabla ya mwaka kwisha. Kugombana ni jambo la binadamu, siwalaumu kwa hilo. Lakini mwenye kompyuta ameondoka nayo, na kila mlichokipiga kimo humo. Nakala hakuna! Nimekuja kuwasikiliza mara tatu, na leo sina hata dakika moja ya kumsikilizisha asiyekuwepo.

Mimi nilikuwa fundi mitambo. Nimeona kanda za bendi zikifutwa ili zirekodiwe hotuba, kwa kubania pesa ya kanda mpya. Waimbaji wale wamekufa, na sauti zao zimekufa nao. Sisi wazee ndio tulioanza uzembe huu, na inaniuma kuona mmeurithi.

Kundi la Throbbing Gristle wa London, walioupa muziki huu wa viwanda jina lake, walidumu tangu 1975 hadi 1981 kabla ya kuvunjika mara ya kwanza. Mwaka 1976 mbunge aliwaita waharibifu wa ustaarabu. Chris Carter, mmoja wao, aliunda mitambo kwa mikono yake. Albamu yao ya kwanza, ya 1977, waliitoa wenyewe, nakala 785. Nao waligombana: mapenzi yaliyokuwa ndani ya kundi yalivunjika, na baada ya onyesho la San Francisco, Mei 1981, kila mtu akashika njia yake. Lakini maonyesho yao walikuwa wakiyarekodi, hata yale yaliyoharibika, wakayauza kaseti 24 ndani ya mkoba mmoja. Kundi lilikufa, kanda zikabaki. Ninyi mmeua vyote viwili kwa siku moja.

Msiniambie hayo ni ya Wazungu. Duma, kundi la vijana wawili wa Nairobi waliopiga muziki mkali wa kelele, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes, kampuni ya muziki ya Kampala, ikasikika mbali. Mtaani kwangu niliulizwa kama wana mashetani. Jamii inayomwita mtoto wake shetani kabla ya kumsikiliza haiwezi kumtunzia kazi yake. Basi itunzeni wenyewe.

Mengine ni mafupi. Andikianeni nani anamiliki nini. Zibeni masikio mnapofanya mazoezi. Msipande jukwaani na njaa.

Onyesho la mwisho, yule binti alipoburuta mnyororo juu ya bati polepole, mzee mzima nilitokwa na machozi. Sijawahi kumwambia.

Na wewe uliyeondoka na kompyuta, sikuiti mwizi. Hasira zako huenda ni za haki. Kama hutaki kuonana na wenzako, njoo kwangu jioni yoyote. Diski nimeshanunua, na tutanakili pamoja.

Mzee wenu