Tunahitaji mtepe wa kusafiri

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nipendekeze ujengwe mtepe, chombo chetu cha kale cha tanga, na nijibu swali nililoulizwa kwenye kijiwe cha kahawa hapa Makole, Dodoma, baada ya mwenzetu mmoja kutuonyesha katika simu yake merikebu ya milingoti mitatu ikiingia bandarini, matanga yametandazwa na watu wamefurika gatini kuitazama. Aliyeuliza ni fundi wa magari, na hakuwa na mzaha: wenye meli za chuma na ndege wanatafuta nini katika chombo cha mbao cha enzi za mababu zao, na sisi wa Dodoma, ambao maji mengi tunayoyajua ni ya bwawa la Mtera, yanatuhusu nini?

Sehemu ya pili ya swali ni nyepesi. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita humuhumu Ugogo, ikilipa hongo kwa watemi ili iruhusiwe kupita na kuteka maji, kisha ikateremka Bagamoyo, na kutoka hapo mzigo ukapakiwa katika vyombo vya tanga. Wako waliofika pwani wakiwa wamefungwa, nao wakapakiwa katika vyombo hivyohivyo; kwa hiyo sitaki mtu adhani kwamba ninapozisifu merikebu ninasifu kila kilichobebwa ndani yake.

Sehemu ya kwanza ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Mimi sikubali kwamba kinachowavuta watu ni uzuri wa matanga peke yake. Merikebu ya Uswidi iitwayo Götheborg ilizama mwaka 1745 ikiwa karibu kabisa kuingia bandari ya kwao, baada ya safari ndefu ya China. Nakala yake ilianza kujengwa mwaka 1995, ikashushwa majini mwaka 2003, ikang'oa nanga kwenda China mwaka 2005 na kurejea nyumbani mwaka 2007. Ni kweli kwamba imewekewa injini, jambo ambalo fundi wetu alilipokea kwa kicheko kikubwa. Lakini kabla ya safari hiyo ilibidi watu wajifunze upya kusokota kamba nene, kushona matanga kwa mkono na kuchagua mti uliopinda wenyewe kiasi cha kufaa kuwa taruma, yaani ubavu wa chombo. Mambo hayo hayakai vizuri katika maandishi. Hukaa mikononi, na mikono isipofanya kazi kwa vizazi viwili, yamekwisha.

Kwetu hasara hiyo tayari imetokea. Mtepe, chombo cha kale cha Waswahili, haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza unataja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu, nayo mitepe ya mwisho iliendelea kusafiri mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2003 ilijengwa nakala yake ikawekwa katika ukumbi wa jengo la makumbusho la Beit al-Ajaib, Unguja. Niliiona mwaka 2009 nilipowapeleka wanafunzi wangu. Mmoja wao, mtoto wa Kongwa ambaye hadi juma lile hakuwahi kuiona bahari, alianza kuhesabu mishono ya ubao mmoja tu, akinyoosha kidole tundu kwa tundu, akafika mia na kitu, akapotea, akaanza tena. Tulimwacha nyuma na kundi zima likalazimika kumsubiri. Sikumbuki mtoto mwingine aliyewahi kunichelewesha kwa sababu nzuri namna ile. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka.

Ninachopendekeza ni kwamba ujengwe mtepe wa kusafiri, na ujengwe hadharani. Waomani wamekwisha kutuonyesha njia: chombo chao, Jewel of Muscat, kilichoigwa kutoka katika mabaki ya jahazi la karne ya 9 yaliyogunduliwa mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, kilishonwa kwa kamba za nazi, kikaondoka Muscat mwezi Februari 2010 na kufika Singapore mwezi Julai mwaka huohuo.

Watakaopinga watasema kwamba ni gharama na ni hatari, na wana hoja. Mwaka 2012 nakala ya merikebu Bounty ilizama katika kimbunga Sandy karibu na pwani ya Marekani, na watu wawili wakafa. Nakala ya Hermione, merikebu ya Wafaransa, iliyovuka Atlantiki mwaka 2015, ilikutwa mwaka 2021 mbao zake zimeliwa na kuvu. Mtepe nao ulikuwa na udhaifu wake, kwani ulivuja, na kufuta maji ilikuwa kazi ya kila siku. Kwa hiyo usisafirishwe wakati wa pepo kali, na kabla ya ubao wa kwanza kukatwa itengwe fedha ya kushona upya, maana kamba huoza.

Mafundi wa majahazi bado wapo Nungwi, Bagamoyo na Kilwa, wanaoshika tezo na kujua kutia kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao, japo wao hutumia misumari. Wapewe kazi hiyo pamoja na vijana wa kujifunza, na uwanja wa ujenzi uwe wazi kwa wanafunzi wa bara pia. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatutoa Dodoma asubuhi na kutufikisha Dar es Salaam kabla ya chakula cha mchana, na Bagamoyo si mbali kutoka hapo. Fundi wetu wa Makole ameniambia kwamba atakwenda, ila anataka kwanza kujua ni nani atakayekuwa zamu ya kufuta maji.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma