Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mashindano ya Vigari vya Sloti vya Zamani, Lamu

Ndugu wanachama, assalaam aleikum.

Hii ndiyo taarifa niliyoisoma katika mkutano mkuu. Nimeongezea maelezo kwa yale maswali ambayo muda haukutosha kuyajibu. Mambo ya fedha sitayarudia. Mweka hazina ameshabandika hesabu ukutani pale tunapokutana, na daftari li wazi kwa yeyote anayetaka kulikagua. Niseme tu kwamba hatudaiwi na mtu, na kwamba mbao za njia mpya ndizo zilizomeza michango.

Habari kubwa ya mwaka huu ni kanuni. Tulikuwa tukishindana kwa mazoea: aliyefika mapema anachagua leni, mwenye sauti kubwa anaamua kigari kimetoka au hakikutoka, na mgeni akija na mota kali tunaguna kisha tunamwachia. Sasa zipo kurasa chache zilizopitishwa na kamati na kusambazwa kwa kila mwanachama. Nimeombwa nieleze sababu zake, kwa kuwa baraza za mitaa ya Mkomani na Langoni zimejaa sababu ambazo kamati haijapata kuzitoa.

Kwa walioingia mwaka huu, kwanza nieleze tukisema "vya zamani" tunakusudia nini. Mchezo wa vigari vinavyofuata mfuo uliochimbwa njiani, vikipata umeme kwenye mistari miwili ya chuma au shaba, uliingia majumbani kwa seti za Scalextric zilizoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1957. Katikati ya miaka ya 1960 Marekani ilijaa kumbi za biashara zenye njia kubwa, nyingine za leni nane, mtu analipia muda wake na kukimbiza. Muongo ulipokwisha, nyingi zilikuwa zimefungwa. Waliobaki waliendelea kuongeza kasi mpaka vigari vikawa vipande bapa vya plastiki visivyofanana na gari lolote, na jicho haliviwahi. Mashindano ya vya zamani ni ya watu walioamua kurudi nyuma: chesisi, yaani fremu ya chini, ya shaba na waya wa chuma iliyolehemiwa kwa mkono, bodi inayofanana na gari la kweli la enzi ile, dereva ndani na namba ubavuni. Kipimo chetu ni 1 kwa 24, yaani gari la mita nne linakuwa kigari cha sentimita 17 hivi.

Mbali na la watoto, madaraja ni mawili. La kwanza ni Fomula 1 ya 1961 hadi 1965, wakati injini zilikuwa za lita 1.5 na magari ni membamba: Ferrari 156 ya Phil Hill, Lotus 25 ya Jim Clark. La pili ni magari ya Can-Am, mashindano ya Kanada na Marekani, ya 1966 hadi 1974, kina Lola T70 na McLaren za rangi ya machungwa. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini tumekataa mabawa kwenye Fomula 1. Mabawa yaliingia Fomula 1 mwaka 1968, na miaka tuliyochagua inaishia 1965. Mwenye hamu ya bawa ajenge Chaparral 2E, ambayo mwaka 1966 ilikimbia Can-Am ikiwa na bawa lililoinuliwa juu ya nguzo. Hakuna mkaguzi atakayemzuia.

Sasa mota, ambako maneno yalikuwa mengi. Kanuni inasema mota zote ni za aina moja, zimefungwa kiwandani, hazifunguliwi, na siku ya mashindano kila mtu huchukua yake kwa kura kutoka kwenye sanduku la chama. Fainali ikiisha, zinarudi sandukoni. Wapo wanaoona wamenyang'anywa haki ya ufundi. Nimewasikiliza na sikubaliani nao. Ufundi wa kigari cha zamani uko kwenye chesisi: umbali kutoka ulimi, kile kipande cha mbele kinachoingia mfuoni, hadi ekseli ya nyuma, shaba nzito imekaa wapi, mbavu za pembeni zimeachiwa kucheza kiasi gani ili tairi zisinyanyuke kwenye kona. Hayo kijana wa Shela mwenye pasi ya kulehemu na mkono uliotulia anaweza kumshinda nayo tajiri yeyote. Kwenye mota anayeshinda ni mwenye jamaa ng'ambo wa kumletea. Tangu kura ianze, watu waliozoea kumaliza mkiani wameonekana fainali, nami hilo limenitosha.

Kanuni ya kukataza sumaku, nakiri, kwenye njia yetu haina kazi. Sumaku chini ya kigari hushikamana na reli za chuma za seti za plastiki. Mistari yetu ni ya shaba, na shaba haivutwi na sumaku. Imewekwa kwa ajili ya daraja la watoto wanaotumia seti, na kwa ajili yetu siku tutakapoalikwa kwingine.

Ukaguzi ndio uliotupa somo la mwaka. Kigari hupimwa upana, usizidi milimita 83, na hupimwa nafasi iliyobaki kati ya tumbo na njia: si chini ya milimita 1.6 nyuma na 0.8 mbele, gia nayo ikihesabiwa. Wageni wetu kutoka Malindi walipokuja, vigari vyao viwili vilikwama kwenye kipimo hicho, gia zikiwa chini mno. Palitokea mzozo, na baadhi yetu walitoa maneno yasiyopendeza kwa mgeni. Wale watu hawakuwa wajanja. Kwao hukimbiza kwenye njia ambayo misuko ya shaba inayopitisha umeme imezamishwa chini ya usawa wa mbao, na gia haiigusi. Yetu ni utepe wa shaba uliogandishwa juu ya mbao. Gia ikiugusa inauchana, na leni nzima inakufa. Walibadilisha tairi kwa kubwa kidogo, wakapita, na mmoja wao akatushinda, kama mnavyokumbuka.

Kutokana na hayo kamati imepitisha kifungu ambacho kwangu ni kizito kuliko vingine vyote: kanuni husambazwa pamoja na mwaliko, na mwaliko ukishatoka hakuna kinachobadilishwa mpaka mashindano yaishe. Hata kama kanuni imeonekana mbaya. Hata kama mwenyekiti mwenyewe anataka. Kigari kilichojengwa kwa wiki kadhaa hakiwezi kuambiwa asubuhi ya mashindano kwamba tairi zake zimepitwa na wakati. Ubaya wa kanuni utajadiliwa kwenye mkutano, na mashindano yajayo yatakuwa na nyingine.

Kigari kikishapita ukaguzi kinakaa kwenye meza ya mkaguzi, na mwenyewe hakigusi mpaka aitwe. Mkaguzi hupima tena vitatu vya kwanza baada ya fainali. Gia huliwa na tairi hupungua kadiri kigari kinavyokimbia, kwa hiyo aliyejenga kwa kipimo cha mwisho kabisa ajue anacheza na bahati yake.

Kuhusu mwendo wa mashindano yenyewe. Kila mtu hukimbia leni zote nne, dakika tatu kila leni, na kinachohesabiwa ni jumla ya mizunguko. Leni ya ndani ni fupi kuliko ya nje na kila moja ina kona yake mbaya, ndiyo maana hakuna anayechagua pa kukaa. Tunahama kwa mpango wa 1, 3, 4, 2: toka ya kwanza nenda ya tatu, kisha ya nne, kisha ya pili, halafu unapumzika. Ukiuangalia utaona mtu haruki zaidi ya leni mbili, kwa hiyo nyaya za kontrola, kile kishikio cha mkononi cha kuongozea kasi, hazifungani fundo. Kati ya leni na leni mna dakika moja ya kuhamisha klipu za nyaya hizo, na katika dakika hiyo kigari hakirekebishwi. Mwenye gurudumu lililolegea alikaze umeme ukiwa umewaka, kwa muda wake mwenyewe.

Saa ikilia, umeme hukatika na vigari husimama vilipo. Hapo ndipo mikono ya watu huwasha. Msiviguse! Njia imegawanywa vipande vyenye alama, na karani husoma kila kigari kimeishia kipande gani, kwa kuwa sehemu ya mzunguko nayo inahesabiwa. Nafasi ya pili ya mashindano yaliyopita iliamuliwa kwa vipande viwili, na laiti mtu angekuwa ameinua kigari mapema kwa furaha, tungekuwa tunagombana mpaka leo.

Makundi hupangwa kwa kasi ya dakika moja ya majaribio. Wa polepole hutangulia na wa kasi hufunga, kwani njia hushika vizuri zaidi kila tairi zinavyoacha mpira wake juu. Dawa ya kupaka tairi imepigwa marufuku. Kitambaa kikavu, basi.

Nakuja kwa wasimamizi wa kona, na hapa nitakaa kidogo. Kigari kikitoka mfuoni, kuna mtu amesimama pale wa kukirudisha. Mtu huyo akiwa anatazama simu, dereva amepoteza mizunguko miwili, na hakuna ufundi wa chesisi utakaoirudisha. Kwa hiyo kila kundi likimaliza kukimbia linakwenda kusimama kwenye kona za kundi linalofuata. Si hiari. Asiyesimama, au anayemtuma mdogo wake, anafutiwa leni yake nzuri kuliko zote. Msimamizi huondoa kwanza kigari kinachoziba leni ya mwenzake, kisha hukirejesha kilichotoka, kwenye leni ile ile. Kila kigari kinabandikwa rangi ya leni yake ili asikosee. Hatengenezi chochote. Bodi ikiwa imechomoka, anamkabidhi mwenyewe.

Umeme wote hukatwa kwa neno moja, "Kata!", na neno hilo ni la mwamuzi peke yake. Zamani kila mtu alikuwa akipiga kelele akiona kigari chake kimetoka, na mashindano yakawa kama soko la samaki. Sasa mwamuzi hukata endapo kigari kimeingia leni ya mwenzake na kinakimbia humo, kikianguka nje ya meza mahali pasipofikika, au mtoto akiingiza mkono. Kutoka tu mfuoni si sababu.

Umeme wa mji mnaujua. Baada ya nusu fainali moja kukatika katikati tumehamia betri za sola, zilizounganishwa sambamba na kulisha leni zote. Betri ya volti 12 iliyojaa husimama karibu na 12.7 ikiwa haina mzigo, na kwa dakika tatu haishuki kiasi cha kuonekana. Hata hivyo mwamuzi hupima volti za kila leni kabla ya kila kundi na kuziandika ubaoni ambapo wote wanaona. Kila leni ina fyuzi yake. Anayefunga klipu, nyeupe ni ya umeme unaoingia, nyeusi ya kwenda njiani, nyekundu ya breki. Akichanganya, fyuzi inakwenda na ya pili ananunua yeye.

Njia mpya imetuletea sifa. Mbao za unga wa kushindiliwa tulizotumia mwanzo zilivimba kwa unyevu na mfuo ukabana ndimi. Hii ni ya plaiwudi ya baharini, na mfuo wa milimita 3 na kidogo umechongwa na fundi aliyejifunza kazi kwa wajenzi wa majahazi wa Matondoni. Kona yake ya upande wa dirishani haina hata alama ya patasi. Lakini upepo wa chumvi hauchagui. Shaba ikiachwa siku chache inafifia na kushika kijani, na waya wa chuma wa chesisi unashika kutu hata ndani ya sanduku. Njia ifutwe kabla ya kila mashindano, chesisi ipakwe mafuta mepesi ikirudi nyumbani, na nywele za shaba za ulimi zibadilishwe kabla hazijawa ngumu.

Pendekezo lililopokelewa kwa shangwe ni daraja la tatu, la magari ya Safari, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Sisi ni wa mji ambao vichochoro vyake ni vya punda, lakini kila mzee hapa anayo hadithi ya Safari aliyoisikia redioni. Mashindano yale yalianza 1953. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Datsun 240Z ilishinda 1971 na 1973. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo PV544, na 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mimi naliunga mkono, kwa sharti moja. Magari haya ni marefu kwenda juu na membamba, hupinduka kwenye kona, na tayari wapo wanaonong'ona tuwaruhusu upana wa milimita 83. Peugeot 404 pana kiasi hicho itakuwa sinia. Upana uwe wa gari lenyewe likigawanywa kwa 24, na anayepinduka apinduke. Kuhusu matope ya rangi ubavuni, waamuzi wa urembo wamesema watayapa alama.

Ratiba haitagongana na Maulidi, na mwezi wa Ramadhani tutakutana baada ya tarawehe kwa mazoezi tu. Kufungwa kwa usajili kutafuata maji, kwa kuwa wenzetu wa Faza na Siyu, kisiwani Pate, hawawezi kulaumiwa kwa bamvua. Katibu atatangaza saa kila mara.

Mapendekezo ya kubadilisha kanuni, likiwemo hili la Safari, yamfikie katibu kwa maandishi kabla ya mkutano wa robo mwaka, yakiwa na sahihi za wanachama wawili. Nafasi ya mkaguzi iko wazi, kwani aliyeishika ameomba arudi kushindana. Anayeitaka awe na kalipa yake ya kupimia na asiwe na kigari katika daraja analolikagua.

Mwenyekiti,
Lamu