Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uhaba wa Mbegu za Kiume za Kuchangiwa

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama zimekaguliwa na mweka hazina atawasomea. Mimi nitabaki kwenye jambo lililotunyima usingizi mwaka mzima, nalo ni uhaba wa mbegu za kiume za kuchangiwa.

Mwezi Machi niliwasindikiza mume na mke, wanachama wenzetu wa Likoni, hadi kliniki iliyowaagizia mbegu kutoka ng'ambo. Mama alikuwa amemaliza sindano za kukuza mayai, na mkobani alibeba kalenda ya ukutani iliyokunjwa mara nne, siku zake zimezungushiwa wino mwekundu. Tukaambiwa mzigo umezuiliwa kwa kukosa kibali kimoja. Mzunguko ule ukapita bure na fedha za sindano hazikurudi. Baba hakusema neno. Aliikunjua ile kalenda, akaitazama, akaikunja tena.

Hata hivyo, sitaki tudhani kwamba kila kizuizi ni uonevu. Mwaka 2025 ilibainika kuwa mbegu za mchangiaji mmoja wa benki ya mbegu ya Denmark, aliyebeba kasoro ya jeni ya TP53 inayoleta saratani, zilikuwa zimezaa watoto wasiopungua 197 katika nchi kadhaa za Ulaya. Uingereza huruhusu familia 10 tu kwa kila mchangiaji, na tangu Aprili 2005 wanaochangia huko hukubali kwamba mtoto akifika miaka 18 anaweza kujulishwa walikuwa nani. Kanada nayo ilipiga marufuku kuwalipa wachangiaji mwaka 2004, na hadi leo hutegemea sana mbegu za kutoka nje. Kwa hiyo tunagombania mitungi ileile ya mbegu zilizogandishwa na mataifa yenye uwezo kutuzidi, na ndani ya mitungi hiyo wachangiaji wenye asili ya Kiafrika ni wachache mno.

Hapa nyumbani Kenya, kwa miaka mingi huduma hizi zimeendeshwa bila sheria mahsusi, na kijana anayetaka kuchangia huogopa kwamba kesho atadaiwa matunzo au siri yake itafika mtaani. Hata akikubali, mbegu zake hugandishwa kwa miezi sita hivi hadi apimwe tena virusi vya Ukimwi. Kamati imeusoma Muswada wa 2022 wa teknolojia ya kusaidia uzazi, ulioletwa na mbunge Mheshimiwa Millie Odhiambo, na msimamo wetu ni kwamba sheria itamke wazi nani ni baba, iweke kikomo cha familia, na itaje ofisi moja ya kutoa vibali.

Wapo miongoni mwetu ambao dini yao hairuhusu mbegu za asiyekuwa mume. Hao ni wanachama kamili, na chama hakitawashurutisha kamwe.

Tunahitaji watakaotoa ushuhuda wao mbele ya wabunge wa Pwani. Aliye tayari amwone katibu faraghani baada ya mkutano. Jina lake halitaandikwa kwenye kumbukumbu.