Tangi la Ziada la Intakula: Maji Yapite Wapi Kwanza?

Wateja wetu kadhaa wenye pikapu za petroli zilizofungwa supachaja (kishindilia hewa kinachoendeshwa na injini) wametuuliza kama tangi la ziada la maji ya intakula, yaani kipozeo cha hewa inayoingia kwenye injini, likifungwa nyuma ya gari, litaondoa tatizo la nguvu kupungua baada ya kukanyaga mafuta mara mbili au tatu mfululizo. Linaweza kusaidia, mradi mabomba yapangwe kwa utaratibu unaofaa na hewa yote itolewe. Tangi kubwa lililounganishwa ovyo ni mzigo tu wa kubeba.

Supachaja inapogandamiza hewa huipasha joto. Katika magari kama Ford SVT Lightning ya miaka ya 1999 hadi 2004 au Ram 1500 TRX, hewa hiyo hupozwa na intakula ya maji, ambayo pampu yake ya umeme huyazungusha maji hadi kwenye rejeta ndogo ya mbele na kuyarudisha. Maji hayo yakishapata moto, hewa huingia katika silinda ikiwa na joto jingi, kompyuta huchelewesha cheche ili injini isigonge kwa mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda, na dereva huhisi gari limekuwa zito. Nairobi inaongeza ugumu wake. Kwa kuwa jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano, na baadhi ya wenye magari hufidia upungufu huo kwa kufunga puli ndogo ili supachaja izunguke kwa kasi zaidi, jambo ambalo huongeza joto, ilhali hewa nyepesi inayopita kwenye rejeta ya mbele ina uwezo mdogo wa kulibeba.

Tangi lenyewe halipozi chochote; huchelewesha tu kupanda kwa joto. Injini inayovuta robo kilo ya hewa kwa sekunde, na hewa hiyo ikapunguziwa nyuzi 60, humwaga majini takriban kilowati 15. Mfumo wenye lita 4 utapanda nyuzi moja karibu kila sekunde ikiwa rejeta haijaondoa joto lolote, na wenye lita 20 utachukua zaidi ya sekunde tano kupanda kiasi hicho hicho. Kwa anayeharakisha kwa muda mfupi kwenye Barabara ya Thika, tofauti hiyo ni kubwa. Kwa anayepanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru akivuta trela, tangi litajaa joto kabla hajafika juu, na litachukua muda mrefu kupoa kuliko mfumo wa awali. Mteja huyo tutamshauri anunue rejeta kubwa zaidi ya mbele.

Mpangilio tunaoupendelea ni huu: maji hutoka chini ya tangi, huingia kwenye pampu, huenda kwenye intakula, kisha kwenye rejeta ya mbele, halafu hurudi tangini. Kwa njia hiyo tangi huhifadhi maji yaliyokwisha kupozwa, na akiba yote ya baridi hupita kwenye intakula kwanza pindi dereva anapokanyaga mafuta. Bomba la kurudisha maji huingia upande ulio mbali na tundu la kutokea, chini ya uso wa maji ili lisivuruge hewa na kuleta povu, na ndani ya tangi huwekwa bamba la kuzuia maji yaliyorudi yasikate njia moja kwa moja hadi kwenye pampu. Pampu hukaa chini ya tangi na karibu nalo, kwa maana pampu za aina hii husukuma vizuri lakini haziwezi kuvuta maji kutoka chini. Kwa kuwa safari ya kutoka nyuma hadi kwenye injini ni ya mita kadhaa, hatupunguzi kipenyo cha ndani cha mpira chini ya milimita 19, na upande wa kuvuta tunatumia mpira ulioimarishwa usiojikunja. Kona kali za shaba tunaziepuka: huzuia mtiririko, na zikikutana na alumini huharakisha kutu.

Hewa iliyonaswa ndiyo huharibu kazi nyingi tunazoletewa kurekebisha. Intakula ikiwa juu kuliko mdomo wa tangi, lazima iwe na skrubu ya kutolea hewa sehemu yake ya juu kabisa, na pampu iendeshwe injini ikiwa imezimwa hadi mapovu yaishe.

Mfumo huu kamwe usiunganishwe na maji ya injini, ambayo hufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi, hata kama mpira wa rejeta kubwa uko karibu na unavutia. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai pia. Kwa kuwa hapa hakuna barafu, tunatumia maji yaliyochujwa kwa mvuke pamoja na kulanti kidogo ya kuzuia kutu, kwani kulanti ikizidi hupunguza uwezo wa maji kubeba joto.

Hatari moja hukua pamoja na tangi. Intakula ikipasuka ndani, maji huingia kwenye njia ya hewa na hatimaye kwenye silinda, na kwa kuwa maji hayagandamiziki, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) hupinda. Lita 20 zinaweza kuvuja kwa muda mrefu bila kutambuliwa, kwa hiyo kila tangi tunaliwekea kioo cha kupimia kiwango. Kiwango kikishuka na hakuna tone chini ya gari, usiongeze maji na usiwashe injini. Piga simu, tutakuja kulivuta gari.

Kabla ya kuagiza tangi lolote tunapima joto la hewa inayoingia kwenye injini kwa kifaa cha uchunguzi, na mara nyingine tunakuta pampu ya awali imekufa au fyuzi yake imeungua, kazi isiyohitaji tangi hata kidogo. Kwa ajili ya kipimo hicho, tafadhali tuachie gari jioni ili asubuhi tulikute limepoa.