Hela ya ukuta situmi

Doha

Dada,

Assalamu alaykum. Mimi ni mzima, hofu kwenu. Joto la huku usiulize.

Ujumbe wa Kaka nimeupata: kila mtu atoe laki tano, ukuta ukate ua katikati, yeye abaki kule na Hamisi huku. Mwambie situmi. Asije akasema nimefulia, hela ninayo. Tangu Mfungo Sita nimepandishwa, nasimamia madereva kumi na mmoja wa matrela, wakiwemo niliowakuta kazini. Ila ya ukuta, situmi.

Mnakumbuka 2017 nilivyokaa kimya mkadhani nimeoa? Nilikuwa naendesha njia ya Dammam, Saudia. Juni 5, katikati ya Ramadhani, tunaamka tunasikia Saudia, Imarati, Bahrain na Misri wamekata uhusiano na Qatar. Mpaka wa Salwa, wa kuingia Saudia, ukafungwa, na kwa nchi kavu Qatar haina mpaka mwingine. Gari likalala, na posho ya safari ikalala nalo. Maziwa ya dukani mengi yalikuwa ya Saudia. Rafu zikabaki tupu, tukaanza kunywa ya Uturuki, halafu wakaleta ng'ombe kwa ndege. Ng'ombe, Dada, ndani ya ndege!

Kilichoniuma ni ngamia. Wa Qatar walizoea kuchungwa upande wa Saudia. Wakafukuzwa kwa maelfu, wakasongamana mpakani juani. Ngamia anajua nini ugomvi wa wakubwa? Wenzangu walicheka. Mimi mtoto wa mtaa wa Ngamiani, Tanga, nilishindwa.

Na hao ni ndugu. Nchi 6 za Ghuba, wana baraza lao tangu 1981, ofisi yake Riyadh, raia wao huvuka mipaka kwa kitambulisho tu. Wameoana wale, Mqatari na Mbahraini nyumba moja. Fundi wetu Mmisri ndiye hakushangaa: sisi na Syria, anasema, tuliungana tukawa nchi moja kabisa 1958, na 1961 tukaachana, sembuse hawa.

Baraza halikufua dafu. Aliyehangaika ni mzee Sheikh Sabah, mtawala wa Kuwait, aliyekataa kushika upande. Leo yuko Jeddah, kesho Dubai, keshokutwa hapa Doha. Akafariki Septemba 2020. Mpaka ukafunguliwa Januari 2021, wakati wa kikao cha wakubwa hao kule Al-Ula, Saudia. Siku niliyopita Salwa tena nilipiga honi mpaka askari akanikaripia.

Sasa hapo nyumbani asiyeshika upande ni wewe peke yako. Kaka anakusikiliza, na Hamisi umembeba mgongoni. Waite wakae kwa Mama, chini ya mwembe, kabla fundi hajachimba msingi, maana kwa mchoro alionitumia Kaka msingi unapita kwenye mizizi. Nauli ya Ba'mdogo kutoka Pangani na hela ya mchele wa siku hiyo nimetuma leo, kwa jina lako. Kaka asiione risiti.

Umeshatoa maua huo mwembe, au bado?

Mdogo wako