Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Msimu wa Ohio State wa 2024

Ndugu wanachama,

Timu yetu ya futiboli ya Marekani ya chuo kikuu cha Ohio State ilimaliza msimu kwa kushinda mechi 14 na kufungwa 2, na ubingwa wa taifa ulirudi Columbus, mji wa chuo chetu, kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 2014. Kwa hesabu ya chuo huu ni wa 9. Fedha za chama atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia ukuta wa mbele, wale watano wanaomkinga kwotabeki, yaani mrushaji wa mpira, maana mwaka mzima gumzo letu lilikuwa mdakaji Jeremiah Smith na kocha Ryan Day, wakati kufungwa kwetu na kushinda kwetu kulianzia hapo.

Oktoba 12, ugenini kwa Oregon, tulifungwa 32-31. Josh Simmons, wa ukuta pembeni kushoto, aliumia goti na msimu wake ukaishia siku hiyo. Zikiwa zimebaki sekunde 10, Oregon waliingiza watu 12 badala ya 11. Adhabu ilikuwa yadi 5 tu, lakini sekunde 4 zilikuwa zimeshateketea. Jaribio lililofuata kwotabeki wetu Will Howard alikimbia na mpira, akajitelezesha chini, saa ikaisha. Siku chache baadaye waamuzi walielekezwa kwamba timu iliyokosewa hivyo katika dakika 2 za mwisho inaweza kudai muda wake urudishwe. Sisi haikutusaidia kitu.

Zen Michalski, aliyechukua nafasi ya Simmons, naye aliumia dhidi ya Nebraska. Ndipo Donovan Jackson akahamishwa kutoka ndani kwenda pembeni, na pengo lake akapewa Carson Hinzman. Matunda yalionekana kwa Penn State, Novemba 2. Mbele kwa 20-13, vijana walimaliza zaidi ya dakika 5 za mwisho kwa kukimbiza mpira tu, yaani kukimbia nao bila kuurusha, na wapinzani hawakuugusa tena. Kisha, kabla ya mechi ya Indiana, Seth McLaughlin, yule wa katikati anayeanzisha mpira, akapasuka kano ya kisigino mazoezini. Hinzman akasogezwa katikati.

Kwa hiyo Novemba 30 tuliikabili Michigan na ukuta wa viraka, na mpango ukawa kupita katikati, palepale walipokaa Mason Graham na Kenneth Grant, walinzi wao wazito! Mara 26 tulikimbiza mpira, tukapata yadi 77. Hesabu yake ni hii: timu ina majaribio 4 ya kupata yadi 10, lakini la nne kwa kawaida ni la kuupiga mpira mbali, kwa hiyo unayo 3. Ukipata yadi chini ya 3 kila jaribio, hufiki. Hapo unalazimika kurusha mbali huku kila mtu akijua utarusha, na pasi 2 za Howard zilidakwa na wapinzani. Mipigo 2 ya pointi 3 nayo ikakosa nguzo. Tukafungwa 13-10, mwaka wa nne mfululizo kufungwa na Michigan. Wanaomlaumu mpigaji waangalie kwanza zile yadi 77.

Mfumo mpya wa mchujo wa timu 12 wa kumpata bingwa ndio uliotuokoa. Kamati ilituweka nafasi ya 6, na enzi za timu 4 msimu ungekuwa umeishia hapo. Tuliingia kama mbegu ya 8, yaani nafasi ya 8 katika ratiba ya mchujo, kwa sababu mabingwa wa kanda walipewa nafasi 4 za juu; kanuni hiyo sasa imeondolewa.

Kuanzia hapo mpira ulirushwa mapema, kabla ukuta haujachoka. Tennessee walikuwa nyuma 21-0 robo ya kwanza tu, wakalala 42-17. (Uwanja wetu ulijaa maelfu ya nguo zao za rangi ya chungwa kwa sababu watu wetu waliuza tiketi. Tusirudie.) Oregon walifika nyuma 34-0 kabla ya kumaliza 41-21, na Smith peke yake alipata yadi 187. Texas ndio waliotutesa. Tukiwa mbele 21-14 walifika yadi 1 kutoka mstari wetu wa goli. Jaribio la pili wakapeleka mpira pembeni, wakapoteza yadi 7. La nne, mlinzi wetu Jack Sawyer akampokonya mpira kwotabeki wao Quinn Ewers, aliyewahi kulala naye chumba kimoja hapa chuoni, akakimbia nao yadi 83. 28-14.

Fainali, Atlanta, Januari 20: Notre Dame walianza kwa shambulio la majaribio 18 lililokula karibu dakika 10. Tukajibu kwa tachidauni, yaani kufikisha mpira eneo la goli, katika mashambulizi yetu 4 ya kwanza, na Howard akafikisha mipira 13 mfululizo. 34-23.

Wachezaji 14 walichukuliwa na NFL, ligi ya kulipwa, mwaka 2025, wakiwemo Jackson na Simmons, kwa hiyo ukuta ulibidi ujengwe upya tena. Kocha wa ulinzi Jim Knowles aliondoka mwaka huo kwenda Penn State, nafasi yake ikachukuliwa na Matt Patricia. Msimu wa 2025 tulianza na Texas hapa nyumbani, Agosti 30, saa 6 mchana. Kwa ndugu walioko Nairobi na Dar ilikuwa saa 1 jioni. Wajumlishe saa 7 hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, kisha saa 8. Mkoba wa kuingia nao uwanjani uwe wa plastiki inayoonyesha, usiozidi inchi 12 kwa 6 kwa 12. Mikoba ya kawaida inarudishwa getini, na kutoka hapo hadi kwenye gari ni mbali.